Wiki Sita za Mafuta

Kule kazini kwake wifi yangu alijulikana kwa jina la Ulimi. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni mwanamke mmbeya, wa kupeleka maneno nyumba hadi nyumba, kumbe masikini wifi yangu hata salamu alizitoa kwa kubana. Mmbeya wa familia ni mimi, na sikatai. Yeye aliitwa Ulimi kwa sababu alikuwa mpishi mkuu wa kiwanda cha mablanketi, watu mia tatu na hamsini walikula mkononi mwake kila siku, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kurudisha sahani kwa kisa cha chumvi.

Jikoni mwake mlikuwa na masufuria sita, kila moja lingetosha kumwogeshea mtoto wa shule. Alfajiri ulipikwa uji wa sukari, saa nne chai ya maziwa, mchana wali au viazi na mchuzi uliotiwa unga wa ngano ili ushike, alasiri chai tena na skonzi. Wifi hakuonja kwa kijiko. Alichota kwa mwiko, akajimiminia kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akatazama dari, kisha akasema "bado" au "tosha". Akishasema tosha, hata meneja hakuwa na la kuongeza.

Ameolewa na kaka yangu mkubwa, fundi saa, mtu mpole ambaye hata nzi humfungulia dirisha badala ya kumpiga. Mimi ni mshonaji. Nyumba ni moja, wao vyumba vya mbele, mimi na cherehani yangu chumba cha uani. Kisukari kiliingia humo ndani miaka tisa iliyopita na tukakizoea kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Wifi alimeza vidonge akikumbuka, akasahau akichoka, na sisi wengine tulijitia hamnazo.

Mwaka huu, siku moja alasiri, alirudi kazini akivuta mguu. Kaka akamvua buti la mpira la jikoni, na kutoka ndani kikaanguka kipande cha mfupa wa ng'ombe, kikali kama kigae. Kilikuwa humo tangu asubuhi. Soksi ilikuwa imelowa damu, chini ya kidole gumba pamechimbika shimo, na mwenyewe hakuwa na habari.

"Hukusikia maumivu?" nikamuuliza.

"Nilisikia kama soksi imejikunja," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Mtu atembee siku nzima juu ya mfupa aone ni soksi?

Hospitalini daktari alikuwa kijana wa maneno machache. Aliuminya mguu, akauchoma huku na huku kwa kijiti, akapima sukari, akatikisa kichwa. Akasema sukari imeshaua hisia za mguu, na kidonda hakiponi kwenye damu yenye sukari kama ile. Akatupa wiki sita. Sukari ikishuka na kidonda kikaonyesha dalili ya kufunga, vizuri. Isiposhuka, ataanza na kidole, na hawezi kuahidi kwamba ataishia kwenye kidole. Kaka aliishika kofia yake kwa mikono miwili akaizungusha kama anayetafuta mlango wake.

Tukapelekwa kwa muuguzi wa lishe, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Huyo nilimpenda, kwa sababu na yeye mdomo wake hauna breki.

"Mama, sikiliza. Wanga ndio unaokupandishia. Wali, mkate, viazi, uji, vyote hivyo tunavishusha chini kabisa. Njaa tutaizuia kwa mafuta na nyama na majani."

"Mafuta?" Wifi akashtuka. "Sista, si ninyi mliotuambia mafuta yanaua?"

"Yapo ya kuua, yapo ya kukufaa. Mafuta nayo yanachaguliwa, kama unavyochagua nyanya sokoni. Chukua parachichi, mayai, samaki wenye mafuta, karanga na korosho zisizopakwa sukari, mtindi mtupu. Mboga zako zikaange kwa mafuta safi, usiogope. Mafuta yaliyokaangiwa mara kumi, soseji, ile siagi ngumu ya kopo, hayo waachie maadui zako. Na dawa msijipangie nyumbani. Ukipunguza wanga dawa nayo lazima tuiangalie upya, kila wiki uje."

Akamuuliza anakula nini, asubuhi mpaka jioni. Wifi akamtajia kila kitu, bila kuficha hata kipande cha skonzi. Muuguzi akaandika.

Tukaanza. Lakini mpishi ni mpishi. Siku ya pili tu wifi akaja na kopo la mafuta kutoka kazini, yale ya kukaangia, meusi kama chai ya rangi. Kwake mafuta yalikuwa mafuta, na ya bure yana utamu wake.

"Wifi," nikamwambia, "haya hata cherehani yangu haiyataki. Ukiitia haya itaniharishia."

Akacheka, nakumbuka, akayamwaga mwenyewe uani. Kaka akanunua mafuta mapya, mayai trei nzima, parachichi za kila umri ili ziive kwa zamu. Asubuhi wifi alikula mayai mawili na nusu parachichi kabla ya kutoka. Mchana alibeba kikopo cha samaki na mboga za majani, na wenzake jikoni walipopakua wali yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akala vyake. Jioni kuku na kabichi iliyokaangwa, mtindi, karanga kiasi cha ngumi moja. Aliuchukia mtindi mtupu, akisema una ladha ya ukuta, lakini aliunywa. Sisi nasi tuliacha kuleta mkate ndani ili asijaribiwe. Mimi nikawa nanywa chai yangu chumbani nimefunga mlango, kama mwizi.

Kaka alikuwa na kalenda ukutani, yenye picha ya milima, na kila alfajiri alimchoma mkewe kidole na kuandika namba ya sukari kwa ile hati yake ndogo ya fundi saa. Muuguzi alitaka ishuke chini ya kumi. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na tano, tukafurahi. Kumi na nane.

Wiki ya kwanza muuguzi alisema mwili unazoea. Wiki ya pili daktari akaongeza dawa. Wiki ya tatu muuguzi akavua miwani akamtazama wifi machoni.

"Mama, unakula kingine."

"Sili, Sista."

"Ukinificha mimi unajificha mwenyewe. Mguu ni wako."

Njia nzima ya kurudi wifi alitembea mbele yetu akichechemea, hataki kushikwa mkono.

Sasa nieleze jambo ninaloliona haya mpaka leo. Kesho yake kipimo kilikuja kumi na tisa, na kaka yangu, mtu asiyepandisha sauti, alikaa kitandani akasema taratibu, "Mke wangu, kama unakula kwa siri niambie tu. Sitakufokea. Niambie nijue napigana na nini."

"Sili kitu."

"Basi namba hizi zinatoka wapi?"

"Sijui! Naapa kwa mama yangu aliye kaburini, sili kitu!"

Mimi nilikuwa mlangoni, na sikusubiri kuulizwa. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia anatuchezea, kwamba kaka yangu anashinda amejikunja mezani na mishale ya saa ili yeye ale samaki, na yeye huko kiwandani anajichotea wali akidhani ukuta hauna macho. Kisha nikachukua mkoba wake nikaumwaga juu ya kitanda. Kikatoka kikopo cha samaki kilichooshwa, karanga kwenye karatasi, kitambaa cha kufungia kidonda. Nikafungua sanduku lake la nguo. Nikainua godoro. Ndiyo, niliinua godoro la wifi yangu mtu mzima, yeye amesimama kwa mguu mmoja ameshika ukuta, na sikukuta hata chembe.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, akisema, "Nimefanya kila mlichosema. Kila kitu nimefanya. Basi waukate, waukate leo, nimechoka." Kaka akakaa sakafuni pembeni yake. Nikatoka, nikaenda kukalia cherehani yangu bila kushona kitu.

Kuanzia hapo nyumba ikapoa. Wifi alikula alichowekewa bila kusema neno, kama mtu anayelipa faini. Kidonda kilianza kutoa harufu. Alikipaka dawa mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, na nguo za kufungia alizifua mbali na zetu. Maji yalikuwa yametufika shingoni, na kila mmoja alikuwa na wake wa kumlaumu.

Wiki ya nne kiwanda kikaniita nishone aproni mpya za jikoni. Si kwamba nilitaka kwenda, lakini kazi ni kazi. Nikafika asubuhi na tepu yangu shingoni, nikawapima wapishi mmoja mmoja pembeni ya mlango wa stoo, na moyoni, sifichi, nilisema leo nitamkamata.

Nikamtazama. Uji ulikuwa unashushwa. Wifi akachota kwa mwiko, akamimina kiganjani, akalamba. "Bado sukari." Wakaongeza. Akachota, akalamba. Sufuria la pili, akalamba. Chai ikaanza, maziwa yakatiwa, akalamba, sukari ikatiwa, akalamba, akaongeza, akalamba. Akatoka kwenye chai akaenda kwenye mchuzi, akalamba, unga ukatiwa, akalamba. Viazi akabonyeza kimoja akatia mdomoni kuona kama kimeiva. Wali akachukua wa juu, wa kati na wa chini.

Mkono wangu wa chaki ukasimama. Nilikuwa naandika vipimo vya kifua cha mtu juu ya kitambaa cheusi, nikaanza kuchora vijistari, kimoja kwa kila mara aliyoonja, nikianza na zile nilizokwisha kuziona. Ilipofika saa sita kitambaa changu kilikuwa na vijistari sitini na nane, na chai ya alasiri ilikuwa haijapikwa. Muda wa chakula ulipofika wifi yangu akapindua ndoo, akakaa, akafungua kikopo chake cha samaki na mboga, akala kwa utii kabisa, asiguse hata punje ya wali. Nikaegemea magunia.

Sikumwambia pale mbele ya watu wake. Jumamosi mchana, kaka akiwepo, nikaleta mezani mabakuli mawili matupu ya supu, mwiko na ndoo ya maji.

"Wifi, huko jikoni ukionja, unaonja mara ngapi?"

"Kuonja?" Akanikata jicho, maana hakuwa amenisamehe. "Nani anahesabu kuonja? Mpishi akihesabu anachoonja atashiba kabla ya kupakua."

"Mimi nimehesabu. Sitini na nane, na nilikuja nimechelewa. Hebu chota maji, mimina kiganjani kama unavyofanya, kisha mwaga humu."

"Una wazimu."

"Nina wazimu. Mwaga."

Akafanya ili nimwondokee. Kiganja cha kwanza, maji yakalowesha tu chini ya bakuli. Akacheka kwa dharau. Kaka akahesabu kwa sauti, polepole. Kwenye kumi hakucheka. Kwenye ishirini na tano alianza kumwaga taratibu, kama anayetaka maji yapungue njiani. Kwenye arobaini bakuli lilijaa, nikalivuta pembeni, nikaweka la pili. Kaka hakuacha kuhesabu mpaka sitini na nane.

Mabakuli mawili yakawa mezani, la pili likipungua vidole viwili tu. Wifi akayatazama.

"Uji wa sukari," akasema. "Na chai. Na unga. Kila siku." Kisha akasema, "Sikuwadanganya. Mimi sikuwa nakula. Nilikuwa nafanya kazi."

Nikapiga magoti nikamshika miguu, ule mzima na ule wa kidonda, nikamwomba radhi kwa ajili ya godoro. Akaniwekea mkono kichwani lakini macho yake yalikuwa bado kwenye mabakuli.

Jumatatu tulimweleza muuguzi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Nilimuuliza anakula nini," akasema. "Sikumuuliza anaonja nini. Miaka kumi na minne niko kwenye kiti hiki."

Dawa zikaangaliwa upya siku hiyo hiyo, kwa sababu alituonya kwamba wanga ukikatika ghafla na dawa zikabaki nyingi, sukari inaweza kumwangusha sakafuni. Wifi akamteua msaidizi wake awe anaonja badala yake. Watu wa kiwanda walianza kulalamika siku ya pili, chumvi imezidi, chai haina ladha, Ulimi ana nini? Alisimama kati ya masufuria yake mikono ameifunga nyuma, jasho likimtoka. Aliniambia mkono wa kushoto ulikuwa ukijifungua wenyewe kila mwiko ulipopita karibu. Jioni alirudi nyumbani na njaa ya ajabu, akala samaki, mayai, korosho, parachichi zima, na kwa mara ya kwanza akaomba mtindi.

Kumi na mbili. Kaka akaandika. Kumi. Tisa. Nane. Alfajiri namba ilipofika nane aliniita kwa kupiga dirisha langu, fundi saa wa watu, akiruka uani na kandambili moja. Tulicheka jikoni wote watatu. Wifi akasema akipona atanifundisha kupika, maana hakuna mwanamume atakayevumilia maharage yangu. Nikamwambia wanaume ninao, ninachokosa ni muda. Tulikuwa na siku tisa za namna hiyo, na sijawahi kumwomba Mungu kitu kwa nguvu kama nilivyoomba siku hizo tisa.

Wiki ya sita ilipotimia tulikwenda na kalenda yenyewe, tumeing'oa ukutani. Daktari akaisoma namba kwa namba, akasema amefanya kazi nzuri sana, sana. Kisha akafungua kitambaa. Akaagiza picha ya mguu. Tukangoja kwenye benchi mpaka mchana. Aliporudi aliishika ile picha nyeusi mbele ya dirisha akatuonyesha mahali ambapo mfupa ulikuwa umelika. Usaha ulikuwa umepanda ndani kwa ndani katika zile wiki nne za mwanzo. Kidole hakitoshi. Wataukata mguu chini kidogo ya goti, kesho asubuhi.

"Lakini sukari imeshuka," kaka akasema. Alisema hivyo mara tatu, kila mara akionyesha kalenda.

"Imeshuka, mzee," daktari akajibu. "Ndiyo maana ninatumaini kwamba pale nitakapokata patapona."

Wifi aliomba maji ya kunywa.

Siku ya tatu baada ya kukatwa ndipo tuliporuhusiwa kukaa naye. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na mhudumu alikuwa akipitisha toroli. Akaweka kwenye kabati la wifi yangu vipande vinne vya mkate mweupe vilivyopakwa jamu na kikombe cha chai ya sukari. Nikataka kumrukia, kaka akanishika mkono. Wifi alikuwa amegeukia ukutani. Shuka ilisimama juu ya mguu mmoja, na upande wa pili ikalala tambarare kuanzia goti.

Nikauondoa ule mkate, nikafungua kikapu nikatoa mayai ya kuchemsha, samaki, parachichi.

"Rudisha," akasema bila kugeuka. "Niachieni mkate."

"Wifi."

"Wifi nini? Wiki sita nimemeza mtindi. Nimekula mafuta mpaka nayaota. Nimefunga mikono nyuma jikoni kwangu kama mfungwa. Vyote vilikuwa vya mguu, si ndiyo? Na mguu umeshakwenda. Sasa hivi vya leo ni vya nini?"

Mimi mwenye maneno ya kugawa mtaa mzima, nilisimama na yai mkononi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinamisha uso.

Kaka akakaa pembeni ya kitanda. Akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika ule mguu uliobaki, akaushika hivyo hivyo kwa ile mikono yake ya kushikia saa, kidole kwa kidole, kana kwamba anahesabu kama vimetimia.

"Ni vya huu," akasema.

Wifi akageuka. Alimtazama mumewe, akautazama mguu. Alilia kwa muda, na kaka hakuuachia. Halafu akaninyooshea mkono nimpe yai. Akalimenya mwenyewe, akala lote, akaomba chumvi.